Mvua na Njia ya Shamba: Historia ya Majira katika Nchi ya Oicha



Kila mwaka, mwezi wa pili unapoelekea kwisha, na tena mwezi wa nane unapofika katikati, swali moja huzunguka katika nyumba za Oicha na vijiji vyake: mvua itashika lini? Ni swali la kale, walilojiuliza babu zetu kabla ya barabara, kabla ya misioni na kabla ya shule. Lakini tangu zaidi ya miaka kumi, swali la pili limeungana nalo, nalo limekuwa zito kuliko la kwanza: njia ya shamba iko wazi?

Katika tafakari hii tunataka kuyaweka maswali hayo mawili pamoja na kuyatazama kwa jicho la historia. Maana twasikia mara nyingi watu wakisema kwamba njaa yetu imeletwa na mbingu, kwamba majira yameharibika, kwamba mvua ya siku hizi si mvua. Kuna ukweli ndani ya maneno hayo, nasi tutausema. Hata hivyo, tukiipitia historia ya majira ya nchi hii hatua kwa hatua, tutaona kwamba mbingu haikutunyima sana. Kilichovunjika zaidi ni mapatano ya kale kati ya mvua na mkono wa mkulima.

1. Nchi isiyo na kiangazi kamili

Oicha, makao makuu ya teritwari ya Beni, iko kilomita zipatazo 30 kaskazini ya mji wa Beni, kando ya barabara ya taifa namba 4 iendayo Eringeti, Komanda na Bunia. Mstari wa ikweta unapita kusini kidogo ya Butembo. Toka hapo hadi kwetu hakuna hata kilomita 100. Kwa sababu hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 mwezi wa tatu na tarehe 23 mwezi wa tisa. Jua linapoichoma ardhi namna hiyo, hewa hupata joto na kupanda. Hewa yenye unyevu hukimbilia mahali pake kutoka pande zote, nayo hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Mkanda huo wa mvua hulifuata jua likienda kaskazini na likirudi kusini, nao hutuvuka mara mbili. Hiyo ndiyo asili ya masika yetu mawili: la kwanza toka mwezi wa tatu hadi wa tano, la pili toka mwezi wa nane hadi wa kumi na moja. Mara nyingi hilo la pili ndilo refu na zito zaidi.

Kati ya masika hayo, mvua hupungua mara mbili: mwezi wa kwanza na wa pili, kisha mwezi wa sita na wa saba. Hupungua, lakini haikatiki kabisa. Hapa ndipo nchi yetu inapotofautiana na sehemu nyingine za Kongo. Mtu wa Lubumbashi aweza kukaa toka mwezi wa tano hadi wa tisa karibu bila kuona tone. Kwetu, hata katika miezi tunayoiita ya kiangazi, mvua ya jioni huja bila kubisha hodi, ikamkuta mama ameanika mihogo yake. Ndugu zetu wa pwani ya Kenya na Tanzania nao wana mvua mbili, na kila moja ina jina lake, masika na vuli. Lakini kati ya hizo mbili huwa na miezi mikavu kuliko yetu.

Sababu ya pili ya mvua zetu ni msitu. Upande wa magharibi wa Oicha umelala msitu mkubwa wa Ituri. Mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani yakiwa mvuke. Mvuke ule hupanda na kurudi chini kama mvua, mbali kidogo na pale ulipotoka. Sehemu kubwa ya mvua inyeshayo katika bonde la mto Kongo ni maji ambayo misitu ilikwisha kuyapokea na kuyarudisha hewani, pengine si mara moja tu. Kwa hiyo mwenye kuutazama msitu kama ukuta wa giza ulio nje ya mashamba yake hajauelewa: msitu ule ni sehemu ya mvua yake.

Sababu ya tatu ni sura ya nchi yenyewe. Upande wa mashariki ardhi inashuka katika bonde la Semliki, mto unaotoka katika ziwa Edward, mita 900 na zaidi juu ya bahari, na kuingia katika ziwa Albert, mita 620 hivi. Ng’ambo ya bonde husimama mlima Ruwenzori, ambao kilele chake kina mita 5,109. Mawingu hukwama katika mlima huo na kuutua mzigo wao. Tambarare za kusini, karibu na ziwa Edward, hupata mvua chache zaidi. Butembo iko juu kuliko Oicha kwa mita mia kadhaa, na kwa kila mita 100 ambazo mtu anateremka, joto huongezeka kwa zaidi ya nusu digrii. Ndiyo maana nyanda za juu za Lubero huzaa viazi na ngano, nasi huku chini twavuna mpunga, mawese na kakao. Safari ya saa chache kwa gari humpitisha mtu katika hali za hewa ambazo mahali pengine zingemdai safari ya siku nyingi.

2. Mlima uliojificha

Ushahidi wa kwanza kuandikwa na wageni juu ya hali ya hewa ya nchi hii ni ushahidi wa jambo wasiloliona. Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker alifika kando ya ziwa Albert, akaona kwa mbali milima ya rangi ya buluu, lakini theluji hakuiona. Ilimpasa Stanley kungoja hadi mwaka 1888, mawingu yalipofunguka kwa muda mfupi, ndipo akatambua kwamba weupe ule wa juu haukuwa wingu. Watu waliokaa chini ya mlima hawakuhitaji kuambiwa. Wakonzo na Wanande, ambao ni ndugu kwa lugha, walikuwa na neno nzururu kwa theluji, na kutoka humo jina Rwenzururu, mahali pa theluji. Mlima uliojificha karibu mwaka mzima ni tangazo tosha kwamba nchi hii haina upungufu wa mawingu.

Mwaka 1906 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Mtemi wa Abruzzi, alipanda hadi kilele na kuipima barafu. Mwaka 1932 msafara wa wanasayansi wa Ubelgiji ulipanda kwa upande wetu wa Kongo. Kwa sababu ya vipimo hivyo vya zamani, leo twaweza kulinganisha. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kwa kilomita za mraba zipatazo 6.5, mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, nayo inaendelea kuyeyuka. Hapo hakuna ubishi: mbingu yetu imebadilika. Lakini tusikurupuke kusema kwamba mito yetu itakauka kwa sababu hiyo. Maji yatokayo katika barafu ni sehemu ndogo sana ya maji ya mito ya Ruwenzori. Sehemu iliyo kubwa ni mvua inayoangukia miteremko, misitu na mabwawa ya mlima. Barafu ni kama kipimo cha homa: huonyesha ugonjwa, lakini si chakula cha mgonjwa.

Historia hutufundisha pia kwamba mvua zetu hazikuwahi kwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1961, karibu na mwisho wake, mvua kubwa zilinyesha Afrika ya Mashariki yote, na katika miaka mitatu iliyofuata ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2. Ziwa Albert, linalopokea maji ya Semliki, lilipanda vilevile. Mwaka 1997 hadi 1998 zikaja mvua za El Niño. Mwaka 2019 hadi 2020 maziwa yakajaa tena, na mwezi wa tano wa mwaka 2020 ziwa Viktoria likafikia kimo ambacho halijawahi kupimwa kabla. Mwezi huohuo, ng’ambo ya Ruwenzori, mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu hospitali ya Kilembe, kama ulivyokuwa umekwisha kuleta maafa katika Kasese mwaka 2013. Mzee asemaye kwamba zamani mvua zilikuja kwa tarehe kama sikukuu, husema kwa moyo wa kuipenda zamani. Zamani nayo ilikuwa na miaka yake mibaya.

3. Mwami na mvua

Kama miaka mibaya ilikuwako, wazee waliieleza vipi? Mwaka 1981 mwanahistoria wa Marekani, Randall Packard, alitoa kitabu juu ya historia ya Bashu, watu wa milima iliyo magharibi ya Semliki, ambao hata leo ni utemi mmojawapo wa teritwari ya Beni. Alikaa nao, akawasikiliza, na jambo alilolikuta linatuhusu sana. Kwa Bashu, utawala na mvua havikutenganishwa. Mwami hakuwa hasa mtu wa kuamuru vita na kukusanya mali. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba wenye mamlaka mbalimbali juu ya nchi, wakiwamo wenye kushughulikia mvua, wenye kuitakasa ardhi na wenye kuongoza koo, walifanya kazi kwa pamoja na kwa wakati wake. Mvua ilipokatika na njaa ikaingia, watu hawakusema tu kwamba mbingu imefunga. Walitazama ni nani anagombana na nani, na ni kiti gani kinapiganiwa.

Sisi tuliosoma shuleni jinsi mvuke unavyogeuka wingu twaweza kutabasamu. Ugomvi wa machifu hauzuii mkanda wa mvua kufuata jua. Hatusemi, wala hatufundishi, kwamba mtu fulani anaweza kuifunga mvua au kuirusha radi; tunajua ni wazee na wajane wangapi wameteswa kwa uongo huo, katika nchi hii ya mashariki ya Kongo ambayo ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Lakini tusitabasamu haraka mno. Ndani ya mafundisho yale ya Bashu mlikuwa na jambo ambalo vipimo vya mvua peke yake havilioni: kwamba njaa haitoki mbinguni moja kwa moja. Kati ya wingu na chungu kuna watu. Kama watu hawa wamefarakana, kama hakuna aulindaye mpaka na njia, mvua ile ile iliyoshibisha wa jana haitawashibisha wa leo.

4. Kalenda zilizotoka mbali

Karne ya ishirini ilituletea kalenda nyingine, na kila moja ilitoka nchi yenye mbingu yake.

Ya kwanza ilikuwa ya serikali ya kikoloni. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu watawala kuwalazimisha wakulima kulima mazao yaliyochaguliwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Siku hizo 60 zilitolewa wapi? Zilitolewa katika majuma yaleyale ambayo mvua ilikuwa ikimwita mkulima kwenye maharage na mahindi yake mwenyewe, kwa maana mazao yote hulilia ardhi iliyolowa. Mwaka 1925 iliundwa Hifadhi ya Albert, iitwayo leo Virunga, nayo ikapanuliwa katika miaka iliyofuata hadi kuingiza sehemu za Semliki na Ruwenzori. Ugonjwa wa malale nao uliwaondoa watu katika bonde. Hivyo watu waliozoea kuwa na shamba mlimani na shamba bondeni, ili mvua ikikosa huku ipatikane kule, walijikuta wamebaki na upande mmoja.

Ya pili ilikuwa kalenda ya shule. Vitabu vya kwanza vilivyotoka Ulaya viliwaeleza watoto wa Kongo majira manne, pamoja na picha za miti iliyopukutika majani na watoto wakicheza katika theluji. Vilivyofuata vilifundisha majira mawili, la mvua na la kiangazi, jinsi yalivyo Katanga au Kinshasa. Mtoto wa Oicha alijibu vizuri katika mtihani, kisha akarudi nyumbani chini ya mvua ya mwezi wa saba ambayo kitabu kilisema haipo. Mwalimu mwenye busara hufundisha kitabu, kisha humtoa mtoto nje amwonyeshe mbingu.

Ya tatu ilikuwa kalenda ya Kanisa. Mapadre Waasumpsio walifika katika nchi ya Beni na Lubero mwaka 1929, nao walileta, kama wamisionari wote wa wakati ule, desturi ya kuombea mashamba kwa maandamano na litania, tarehe 25 mwezi wa nne na siku tatu kabla ya Kupaa kwa Bwana. Siku hizo ziliitwa kwa Kilatini Rogationes, na asili ya zile tatu za kabla ya Kupaa ni nchi ya Gallia, Ufaransa ya leo, katika karne ya tano, chini ya askofu Mamertus wa Vienne. Huko Ulaya ni wakati wa masika ya baridi kwisha, mbegu ndiyo kwanza zinachipuka, na baridi moja ya usiku yaweza kuua yote. Kwetu, tarehe hizo humkuta mkulima akipalilia; mbegu za masika ya kwanza zilikwisha kuingia ardhini, na za masika ya pili bado ziko ghalani. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1969, kalenda ya liturujia ilipotengenezwa upya, Kanisa liliwaachia maaskofu wa kila nchi kupanga wakati na namna ya siku hizo kadiri ya mahitaji ya mahali. Ulikuwa utambuzi wa jambo ambalo mkulima wa ikweta alilijua siku zote: imani ni moja, lakini mvua hazinyeshi siku moja.

Chini ya kalenda hizo zote, kalenda ya mkulima iliendelea kimya. Kufyeka na kuchoma katika mwezi wa kwanza na wa saba, mvua zinapopungua. Kupanda maharage, mahindi na karanga mwishoni mwa mwezi wa pili na katika wa tatu, kuvuna wa sita na wa saba. Kupanda tena wa nane na wa tisa, kuvuna mwaka unapokwisha na mwingine unapoanza. Mihogo na ndizi kusimama mwaka mzima kama ghala lisilo na mlango, la kutegemewa siku ambayo mengine yamekosa. Mbegu iliyochelewa majuma mawili au matatu hukutwa na ukavu ikiwa katika maua. Iliyowahi mno huozeshwa na mvua wakati wa kuanikwa. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa katika miguu iliyokwenda shambani kila siku.

5. Kutoka kahawa hadi kakao

Tangu katikati ya karne iliyopita, watu wengi waliteremka kutoka nyanda za juu, ambako ardhi ilikuwa imebana, wakaja kutafuta mashamba katika nchi ya msitu ya Beni na Oicha. Walikutana na wenyeji wa kale: Wambuba, Wapakombe, Wambuti wa msituni na wengine. Walipanda kahawa aina ya robusta, na kwa miaka mingi kahawa ililipa karo na kuezeka nyumba kwa mabati. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyauka uliipitia mibuni, shamba kwa shamba, na kuiua ikiwa imesimama. Toka mwanzo wa miaka ya 2000 kakao ikachukua nafasi yake, na Beni ikawa mojawapo ya sehemu zinazoongoza kwa kakao katika Kongo.

Badiliko hilo liligusa majira pia. Kakao hupenda kivuli na unyevu. Ikipandwa chini ya miti mirefu, huweza kuishi pamoja na msitu. Lakini mahali pengi msitu ulikatwa kwanza, kwa mbao, kwa makala ya kupikia na kwa mashamba mapya. Kila mlima uliovuliwa miti hupokea mvua ileile kwa namna nyingine: maji hayaingii tena ardhini polepole, bali hukimbia juu yake, yakibeba udongo mwekundu hadi mtoni. Kisha siku kumi za jua zikija, ardhi hupasuka, na twasema mvua imepungua. Pengine kilichopungua ni uwezo wa ardhi wa kuitunza.

Kakao ilileta jambo jingine. Maharage huliwa na mwenye kuyapanda. Kakao huuzwa kwa bei ya ulimwengu. Zao lenye bei humvuta pia asiyelipanda.

6. Mvua isiyo na mkulima

Mwezi wa kumi wa mwaka 2014, masika ya pili yakiwa katikati, mauaji ya raia yalianza katika nchi ya Beni. Hatutayasimulia hapa, kila familia inayosoma ukurasa huu inayo majina yake. Tunataka tu kueleza yalifanya nini kwa majira.

Yalikata njia. Mbau, Eringeti, Mayi-Moya, Kamango: majina yaliyokuwa ya masoko na mashamba yakawa majina ya kukimbia. Watu walijazana Oicha na Beni. Shamba lililokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu likawa mbali kama nchi ya kigeni. Mwaka 2018, tarehe 1 mwezi wa nane, wiki zilezile za kuandaa mbegu, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Mangina, nao haukutangazwa kuwa umekwisha hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2019 jeshi la taifa lilianza operesheni kubwa dhidi ya waasi wa ADF, na raia wakazidi kuuawa. Mwezi wa tano 2021 ikatangazwa hali ya dharura ya kijeshi, na mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo majeshi ya Uganda yaliingia kwa operesheni ya pamoja. Masika yalikuja na kupita juu ya mambo hayo yote, mawili kila mwaka, bila kukosa.

Tuhesabu basi, kama tunavyowafundisha watoto kuhesabu. Toka mwisho wa mwaka 2014 hadi mwisho wa mwaka 2024 ni miaka kumi, yaani masika ishirini. Katika hayo ishirini, mengine yalikuwa mazito mno, mengine yalichelewa, kama ilivyokuwa katika maisha ya babu zetu. Lakini ni mara ngapi mkulima wa Oicha alikosa kuvuna kwa sababu mvua haikunyesha, na ni mara ngapi alikosa kwa sababu hakuthubutu kwenda kupanda, au alipanda na hakuthubutu kurudi kupalilia, au alipalilia na wengine wakavuna? Kila mmoja na ajibu kwa ajili ya shamba lake. Sisi jibu letu ni wazi: mvua haikutuacha. Tulitenganishwa nayo.

Tena hasara haikuwa ya mavuno peke yake. Kijana aliyekuwa na miaka minane mwaka 2014 ni mtu mzima leo, na huenda hajawahi kukaa katika shamba la babu yake toka kufyeka hadi kuvuna. Nani atamfundisha kuutambua udongo uliolowa ya kutosha, kwa kuuminya mkononi? Nani atamwonyesha mvua ya kudanganya, ile ya mwezi wa pili inayonyesha siku tatu na kuacha, ikimponza mwenye haraka? Elimu iliyokaa katika miguu hufa miguu isipokwenda. Ndiyo njaa tunayoiogopa kuliko ile ya chungu, kwa maana haitakoma siku amani itakaporudi.

7. Daftari la mvua

Tufanye nini basi? Usalama unadaiwa kwa wenye mamlaka, nao lazima uendelee kudaiwa kwa sauti na bila kuchoka, kama wachungaji wa jimbo letu la Butembo-Beni wanavyoudai. Lakini liko jambo dogo ambalo haliwezi kungoja, nalo linawezekana hata katika uwanja wa shule uliojaa watu waliokimbia makwao.

Tuipime mvua na kuiandika. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lenye mdomo sawa na kitako, likisimamishwa mahali pa wazi, mbali na paa na miti, latosha. Kila asubuhi, saa ileile, mwanafunzi atumbukize rula, asome milimita, aandike tarehe, amwage maji. Milimita moja ndani ya kopo ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba; mtoto akishalielewa hilo, amekwisha kuelewa hesabu, jiografia na kilimo kwa pamoja. Pembeni ya tarakimu aandike maneno ya wazee: leo fulani alipanda, leo maharage yametoa maua, leo njia ya upande fulani imefungwa. Daftari la namna hiyo, likitunzwa miaka mitano katika shule moja, litatuambia juu ya mvua za Oicha mambo ambayo hakuna kitabu cha mbali kinachoweza kutuambia. Litatuzuia pia kuisingizia mbingu makosa ya wanadamu.

Na wazee walioko katikati yetu, hata wale wanaoketi leo chini ya turubai wakiwa hawana shamba la kutazama, wao ndio kalenda yetu iliyobaki. Tuwaketishe pamoja na vijana, jioni moja kila juma, waseme wanayoyajua juu ya mbegu, udongo na upepo. Tena tupande, hata katika kipande cha uwanja nyuma ya nyumba, mistari michache ya maharage kwa wakati wake. Mistari hiyo haitashibisha nyumba. Itaiweka kalenda hai mkononi, hadi siku njia zitakapofunguka na mvua itatukuta tena mahali petu.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

a) Katika familia yetu, ni nani anayejua bado majira ya kupanda ya shamba tulilolikimbia, na ni lini mara ya mwisho tulimwuliza?

b) Tunaposema kwamba mvua zimeharibika, tunasema kwa kupima au kwa mazoea? Tunawezaje kuanzisha daftari la mvua katika shule au kanisa letu?

c) Wenye mashamba karibu na mji wanawezaje kuwagawia kipande, kwa masika moja tu, wale ambao mvua inawanyeshea pasipo ardhi?